Kapteni wa Kibugu

Mutugi alikuja dukani kwangu Kianjokoma siku ya Jumanne na mita tatu za kaki kwapani, simu mbili mkononi, viatu vimechongoka mbele, akaniambia nimshonee marehemu baba yake sare ya kapteni. Hakusalimia vizuri. Alisema "mama, habari" huku macho yako kwenye simu moja, kisha akatandaza kitambaa chake mezani, juu ya gauni la watu nililokuwa nimeshapiga chaki. Nililivuta gauni polepole kutoka chini yake. Mjinga mwenye haraka mwache aseme yote kwanza, utapata ya kucheka wiki nzima.

Baba yake alikuwa Kivuti wa Kibugu, aliyetutoka Ijumaa kwa ugonjwa wa figo, na Kivuti alikuwa koplo. Nasema koplo nikiwa na akili zangu timamu. Mimi naitwa Karwirwa, ingawa wengi hapa huniita Mama Kinyua, Mmeru wa Nchiru niliyeletwa Embu na ndoa. Kabla ya kufungua duka hili nilishona miaka kumi na tisa katika karakana ya kambi moja ya jeshi huko Bonde la Ufa, ambako mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi. Kazi yangu mimi ilikuwa vyeo. Mtu akipandishwa, karatasi inaletwa, nashona. Akishushwa, karatasi inaletwa, nachukua wembe nafumua. Kivuti nilimshonea na nilimfumulia kwa mikono hii, halafu mtoto wake anasimama mbele yangu kunifundisha cheo chake.

Acha niseme jambo hili mara moja, maana waheshimiwa wengi wa huku wanadhani jeshi ni kama kwaya ya kanisa, ukikaa sana unafanywa kiongozi. Jeshini kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni ya tepe, zile alama za V zinazoshonwa kwenye mkono wa shati, juu ya kiwiko. Kuruta akimaliza mafunzo hana kitu, mkono mtupu. Baada ya miaka, akiwa na bahati na adabu, anapewa tepe moja, anaitwa lansi koplo. Mbili ni koplo. Tatu ni sajenti. Juu ya hapo kuna sajenti mwandamizi, na juu yake wale wenye nembo karibu na kifundo cha mkono, ambao hata maafisa vijana huwaogopa kimyakimya. Ngazi hiyo inaishia hapo.

Ngazi ya pili ni ya nyota, nazo hukaa mabegani. Kijana anatoka chuo cha maafisa na nyota moja, luteni wa pili, ndevu bado zinamkataa, na sajenti mwenye mtoto sekondari anasimama wima kumpigia saluti. Nyota mbili ni luteni, tatu kapteni, na huko juu mambo yanaendelea mpaka kwa majenerali. Hawa na wale hawali chumba kimoja, hawanywi baa moja, hata namba zao za jeshi hazifanani. Waliovuka kutoka ngazi ya tepe kwenda ya nyota walikuwa wachache mno, na kambi nzima iliwajua kwa majina. Lakini kulala koplo Ijumaa ukifa na kuamka kapteni Jumamosi ukizikwa, hilo sikuliona miaka yote ile.

Nilimwambia Mutugi hivyo. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu anapozungumza na mama wa cherehani, akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya jenerali wa nchi fulani, hata yeye hakujua ni ipi. Alitaka vile vitambaa vyekundu vya kwenye kola, ambavyo huvaliwa na wakubwa kuanzia kanali. Alitaka kamba za dhahabu za begani, ambazo ni za mpambe wa mkubwa. Alitaka nyota tatu kila bega, kwa sababu, alisema, ameuliza na kapteni ni tatu. Halafu akaongeza kwamba zile V za mkononi nisisahau, niweke tatu tatu, zinajaza mkono.

Nilimuuliza kama anajua kwamba mtu aliyevaa hivyo ni kapteni, na sajenti, na kanali, na mpambe, wote ndani ya jeneza moja. Akasema mama, wewe shona tu, watu hawaangaliagi hizo.

Sababu ya wazimu huo niliijua. Miaka sita kabla, Mutugi alipokwenda kutoa mahari kwa kina Makandi, mkewe, huko Meru, alimwambia baba mkwe wake kwamba kwao ni nyumba ya kapteni mstaafu. Yule mkwe, Mzee Marete, alikuwa mwalimu mkuu wa zamani, mtu wa kuvaa tai hata akienda kukata majani ya ng'ombe, na Mutugi aliona aibu kufika pale akiwa mtoto wa koplo. Nilikuwepo. Nilikaa na akina mama nikila irio, nikasikia msemaji wetu akitangaza "Kapteni Kivuti", nikamwangalia Kivuti mwenyewe. Alikuwa ameinamisha uso kwenye chupa ya soda, haongei. Siku ile hata yeye nilimdharau, nikaona miaka ishirini na moja ya jeshi imeshindwa kumpa ulimi wa kusema ukweli mbele ya wakwe.

Sasa wakwe walikuwa wanakuja mazishini na basi zima. Kamati ya mazishi ilikuwa imeshakaa, mwenyekiti ni Mutugi, mweka hazina ni Mutugi, na programu zilikuwa zimeshachapishwa za rangi, karatasi ile inayoteleza, "Kapteni Mstaafu Kivuti" kwa herufi za dhahabu. Jeneza lilikuwa la kioo kwa juu ili watu wapite wamwone. Mutugi alisema nisiposhona mimi atampelekea fundi wa mjini, na kuna mmoja ambaye amemwambia anazo nyota tayari, ni za nguo za watoto lakini zinang'aa.

Nilipaswa kumrudishia kaki yake na kumwonyesha mlango. Kushona sare ya jeshi bila ruhusa ni kosa, najua hilo kuliko yeye. Lakini niliposikia habari za nyota za nguo za watoto, kuna kitu kilinichekesha tumboni, kitu kibaya. Nilijua kwamba wanajeshi wastaafu wa Embu huja kwenye mazishi ya wenzao na bereti zao, na hao huangalia. Hao hawaangalii kitu kingine. Nikawaza Mutugi amesimama kando ya jeneza, na wale wazee wanapita mmoja mmoja, wanaona kola nyekundu, nyota, kamba na V tatu, halafu wanageuka kumtazama yeye. Na Marete na tai yake anauliza mbona wanacheka. Nikamwambia Mutugi aache kitambaa, nitamshonea kila kitu alichosema, na sitapunguza hata uzi.

Nilishona siku mbili, na nikishona nacheka peke yangu. Ni kazi nzuri niliyofanya, sina haja ya kujisifu. Bitana nyeusi, mifuko minne, bega limekaa. Vile vitambaa vyekundu nilivitoa kwenye mabaki ya sare ya shule fulani, kamba nikaisuka kwa uzi wa pazia. Nyota za mabegani na zile V tatu za kila mkono nilizikata kwa kitambaa cheupe. Alhamisi mchana nililitundika koti kwenye msumari nikasimama mbali nikaliangalia, na Mungu anajua halikuwa koti la mwanajeshi yeyote duniani.

Ndipo Igoki akaingia. Igoki ndiye mke wa Kivuti, mama yake Mutugi, mwanamke mwembamba wa maneno machache ambaye tulifahamiana tangu enzi za kambi, alipokuwa akija kumtembelea mumewe na gunia la viazi. Alikuwa amefunga leso nyeusi, na viatu vyake vilikuwa na tope jekundu la Kibugu, maana alikuwa ameteremka kwa miguu. Nyumbani kwake kulikuwa na wanawake thelathini wa kupika na kufariji, akawaacha. Aliketi kwenye benchi la wateja, akatoa kitambaa cha mkononi, akakifungua. Ndani mlikuwa na tepe za koplo, za mkono wa kulia na za kushoto, zimefifia, nyuzi bado zinaning'inia. Kivuti alipostaafu alirudisha sare yake stoo kama sheria inavyotaka, lakini hizo alizikata kwanza, na stoo hawakuuliza.

Alisema anataka mumewe azikwe nazo. Alikuwa amewaambia kamati, wakamwambia mama, wewe pumzika, haya tutayashughulikia sisi. Alikuwa amemwambia Mutugi, naye akamwambia asiwaaibishe mbele ya wakwe. Kwa hiyo amekuja kwangu, kwa sababu mimi najua.

Nilijua, ndiyo. Mwaka sabini na tisa Kivuti alikuwa sajenti, tepe tatu, kijana wa miaka ishirini na tisa, wakubwa wanamtaja kwa jina. Habari zikaja kutoka Kibugu kwamba mkewe yuko kwenye uchungu siku ya pili, mvua imekata barabara, na mkunga ameshakata tamaa. Akaomba ruhusa, akanyimwa, maana siku hizo kambi ilikuwa inajiandaa kwa ukaguzi na yeye ndiye mkuu wa zamu. Akaondoka bila ruhusa. Alifika Kibugu kwa miguu kipande cha mwisho, akatafuta wanaume wanne, wakamfunga Igoki kwenye kitanda cha kamba wakambeba kupita mashamba ya chai na tope mpaka hospitali ya misheni, na huko akatolewa damu akapewa mkewe. Mtoto akatoka mzima. Mtoto huyo ndiye Mutugi.

Siku ya tano Kivuti alirudi kambini mwenyewe, hakusubiri kukamatwa. Walimvua bereti na mshipi, wakamwingiza kwa mkubwa, na alipotoka alikuwa koplo. Karatasi ikaletwa karakana, naye akaja nyuma yake. Alinyoosha mkono mezani nikafumua tepe ya juu na wembe, kisha mkono wa pili. Askari wengine niliowashusha walikuwa wakilia au wakitukana. Huyu alikuwa anatabasamu, akaniambia ni mvulana. Alikaa jeshini miaka kumi na tatu zaidi, na ile ya tatu hawakumrudishia kamwe.

Alitukataza kumwambia mtoto. Hakutaka akue akijiona ndiye aliyemwangusha baba yake. Nadhani ndiyo sababu alinyamaza siku ile ya mahari, ingawa mimi sikufikiri hivyo wakati ule, nilikuwa na kazi ya kumdharau.

Nilipokuwa bado nazikumbuka siku hizo, Igoki aliliona koti msumarini. Aliinuka akalisogelea. Akagusa kola nyekundu, akagusa ile kamba ya pazia, akahesabu V kwa kidole kama mtu anayesoma kwa shida. Alikuwa ameishi na mwanajeshi miaka mingi, hakuhitaji mtu wa kumweleza. Nilianza kusema ni Mutugi, ni yeye aliyetaka, mimi nimefuata tu alivyosema, wacha wazee wamwone alivyo mpumbavu.

"Mutugi hatakuwa ndani ya hili koti, Mama Kinyua," akasema. "Ni nani watakayemcheka?"

Mimi, fundi wa vyeo, niliyemwona Mutugi kuwa mtu mdogo asiyeheshimu baba yake, nilikuwa nimekaa siku mbili nikimshonea baba huyohuyo nguo ya kuchekwa kaburini. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Igoki aliacha kile kitambaa chake mezani, akafunga leso vizuri, akatoka.

Nilifumua kila kitu. Kamba niliirusha kwenye jiko, kola nikaing'oa na kushona nyingine ya kaki, nyota nikazitupa. Nikazishona tepe za Kivuti mahali pake, vipimo vile vile nilivyofundishwa, kwa mshono mdogo wa mkono ili zisichanike kwa ukuukuu wake. Likawa koti la kaki la koplo, safi, halina kelele.

Jumamosi asubuhi nililipeleka mimi mwenyewe mochari ya mjini Embu. Kwetu mke hamvishi mumewe, wanawe ndio huingia, kwa hiyo Igoki alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki pamoja na Makandi, mkwe wake. Mutugi alifungua mfuko mlangoni. Akageuza koti mbele, akageuza nyuma, akaniuliza nyota ziko wapi. Nilimwambia baba yake hakuwa na nyota. Akaanza kunifokea pale pale mbele ya watu wa mochari, kwamba mimi ni mama mwenye wivu, kwamba nimeharibu siku yake. Siku yake, alisema, na baba yake amelala kwenye trei nyuma ya ukuta.

Igoki aliinuka kitini. Hakupaza sauti.

"Baba yako alikuwa sajenti," akamwambia. "Tepe ya tatu walimvua kwa sababu alitoroka kazini akaja kunibeba nikikuzaa wewe. Bila hivyo tungekufa wawili. Hizo mbili ndizo zilizobaki, na ndizo atakazovaa."

Makandi aliweka mkono mdomoni. Mutugi alimwangalia mamake, akaniangalia mimi, nami nikaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo, mimi ndiye niliyeifumua. Kisha akaingia ndani na lile koti, na mimi, mpumbavu, nikafikiri mambo yamekwisha.

Alipotoka alikuwa amemvisha. Akawaambia vijana wafunike kile kioo cha jeneza kwa kitambaa cheusi na wakipige misumari, kwamba ugonjwa umemharibu marehemu uso na hatatazamwa na mtu. Uongo mtupu, Kivuti alikuwa na uso wake ule ule. Alikuwa amepata njia yake: mamake apate tepe zake gizani, na yeye abaki na kapteni wake kwenye karatasi. Nilitaka kumzaba kofi. Nilimwangalia Igoki, naye alikuwa ameshageuka kwenda kwenye gari.

Kule Kibugu kulikuwa na baridi na manyunyu, na mahema matatu yalikuwa yamesimamishwa kando ya mashamba ya chai. Mzee Marete alikuwa mstari wa mbele na tai yake, programu imekaa juu ya magoti. Mshereheshaji, kijana fulani mwenye sauti ya kuuzia godoro, alitaja Kapteni mara kumi na moja, nilihesabu. Diwani akasimama akasema taifa limempoteza kamanda. Mchungaji naye, ambaye alimjua Kivuti kama mzee wa kufagia kanisa, akaomba Mungu ampokee kapteni wetu. Mutugi alisoma wasifu wa baba yake akiwa ameinamisha kichwa. Alipofika mahali pa jeshi aliharakisha, akameza maneno, akaruka mpaka kwenye kustaafu. Nilisema moyoni, meza tu, utayameza mpaka lini.

Wanajeshi wastaafu walikuwa tisa, bereti zimekaa sawasawa licha ya mvua. Mkuu wao anaitwa Njura, mtu wa nembo ya kifundoni enzi zake, ambaye hakuwahi kutumika kambi moja na Kivuti na hakuwa akimfahamu ila kwa kusikia. Wazee hao wana desturi yao kaburini. Jeneza likishateremshwa, kabla ya udongo, mkuu wao humwita marehemu kama anavyoitwa askari kwenye gwaride, cheo na jina, mara tatu. Mwenyewe hawezi kuitika, kwa hiyo mkewe humwitikia. Husema "Yupo", basi, neno moja, ndipo wanapiga saluti na watu wanaruhusiwa kufukia.

Njura alisogea ukingoni, akafungua programu asome jina, akaunganisha visigino.

"Kapteni Kivuti."

Igoki alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, mikono ndani ya shuka. Hakuitika. Watu walimhurumia, wakadhani ni kilio kimemkaba. Makandi akamgusa kiwiko, akamnong'oneza kitu. Igoki aliendelea kumtazama Njura usoni, macho makavu kabisa.

Njura akaita mara ya pili, kwa sauti ya juu zaidi. Kapteni Kivuti. Kimya. Mtoto alilia mahemani akanyamazishwa. Mshereheshaji akaanza kusogea na kipaza sauti chake, mmoja wa wale wazee akamzuia kwa mkono bila hata kumtazama. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, na mtu asiyeitikiwa mara tatu, kwa desturi yao, huzikwa kama asiyejulikana, wala hawampigii saluti.

Njura hakuita mara ya tatu. Aliteremsha ile karatasi inayong'aa, akamwangalia mjane vizuri, akatuangalia sisi wengine, kisha akamwangalia Mutugi. Mtu aliyekagua magwaride miaka ishirini hahitaji kuambiwa aliyekosea ni nani. Akamuuliza kama cheo kilichoandikwa hapa ni sawa.

Mutugi aliangalia chini kaburini. Aliangalia upande wa Mzee Marete, aliyekuwa ameinua shingo kusikiliza, na wakwe wote nyuma yake. Nilimchukia bado, na hapo hapo nilikuwa nimeushika mkono wa mama mmoja nisiyemjua, nimeuminya mpaka akalalamika.

Akasema kitu. Midomo ilicheza tu.

"Sikusikia," Njura akasema.

"Koplo."

"Paza sauti, bwana. Wenzake wako nyuma."

"Koplo," Mutugi akasema, na safari hii ilifika mpaka mahemani. "Baba yangu alikuwa koplo. Alikuwa sajenti, akashushwa kwa sababu yangu."

Hakuna aliyecheka. Nilimtafuta Marete kwa macho, nilikuwa nimemngojea kwa siku nne, na nikamkuta amesimama ameshavua kofia. Njura aliikunja programu mara nne akaitia mfukoni. Akaunganisha visigino tena, akanyoosha mgongo wake mzee, na ile sauti iliyotoka ilikuwa sauti ya gwaride kamili.

"Koplo Kivuti."

Igoki aliitika kabla hajamaliza jina.